Wanangu Mnaoshuka Mombasa

Wanangu mnaofunga mizigo kushuka Mombasa msimu huu, mengi mmeshayasikia kwa waliotangulia. Mmesikia habari za hoteli na za Wazungu, na za pesa ya jioni moja inayopita bei ya mbuzi. Ya siku za kwanza hamjayasikia, kwa sababu anayerudi huku kwetu Doldol na viatu vipya hapendi kusimulia alivyosimama Mwembe Tayari basi lilipomshusha, fulana imeganda mgongoni kwa jasho, hajui ageukie wapi. Hayo ndiyo nataka tuyazungumze. Mimi mji ule nimeukaa miaka mingi. Nimelinda mageti ya watu usiku, nimeuza shanga mchangani, na naupenda. Msidhani nawatisha ili msiende.

Safari yenyewe siku hizi si ngumu. Matatu ya alfajiri hadi Nanyuki, nyingine hadi Nairobi kupitia Karatina na Sagana, kisha basi la usiku au treni. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondoka Syokimau na kufika Miritini kwa saa tano au sita. Mkipata nauli, chukueni ya mchana, mpite Tsavo macho yakiona. Mtu wa mifugo anafaa kuiona nchi ile na udongo wake mwekundu, ajue kwamba ukame hauko kwetu peke yetu. Na mjue kwamba Miritini si mjini bado. Kutoka pale mtatafuta matatu ya kuingia kisiwani.

Jua la Doldol mnalijua. Ni kali, lakini hewa ni kavu, na ukiingia chini ya mgunga unapoa. La Mombasa linakulowesha. Kivulini bado unatoka jasho, na usiku wa manane bado unatoka jasho. Wiki ya kwanza hamtalala vizuri na kichwa kitawauma, na sababu kubwa ni kwamba hamnywi maji ya kutosha. Tena maji yenyewe yana kisa chake. Mji umezungukwa na bahari, na maji ya kunywa yanatoka mbali: mengine kwenye chemchemi za Mzima kule Tsavo, zinazolishwa na mvua ya vilima vya Chyulu, mengine Baricho karibu na mto Sabaki. Mitaa mingi mifereji hukauka siku kadhaa mfululizo, watu wakanunua kwa mtungi kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Ya kisima yana chumvi, na chai iliyopikwa nayo utaijua tangu funda la kwanza. Nyinyi mliokua mkifukua maji kwenye mchanga wa laga mnajua debe moja lina thamani gani. Basi mkipangishwa chumba, ogeni maji ya mwenye nyumba kwa adabu hiyo hiyo mliyolelewa nayo.

Halafu kuna mbu. Huku juu karibu na mlima hatukukua na malaria. Mtoto wa Pwani ameiugua akiwa mdogo, na mwili wake umejifunza kupambana nayo kwa kiasi fulani. Wewe homa ya kwanza inaweza kukulaza kabisa. Chandarua chenye dawa kinunuliwe kabla ya simu mpya, na mwili ukianza kutetemeka usisubiri kesho. Nenda kituo cha afya, upimwe damu siku hiyo hiyo.

Sasa lile kubwa.

Mtafika mkiwa na hamu ya kuuangalia mji. Mtakwenda Mama Ngina, pale penye mibuyu mikubwa, muione bahari kwa mara ya kwanza, na najua mtanyamaza, kwa sababu kila mtu wa kwetu hunyamaza pale. Meli inayoingia Kilindini itapita karibu, ndefu kuliko kijiji chetu. Kabla hujamaliza kuitazama utasikia kamera nyuma yako. Shuka lako, shanga za mkononi, sikio lililotobolewa, mambo ambayo hapa Doldol hakuna anayegeuza shingo kuyaangalia, kule yatageuziwa shingo na watalii, na wanafunzi wa ziara kutoka bara, na wenyeji pia. Mwenye hoteli atataka uruke saa mbili usiku kando ya bwawa la kuogelea. Atakuambia uvue saa, uache raba, ufiche simu, kwa sababu mgeni wake amelipia mtu wa kwenye picha.

Kazi hiyo siikatazi. Nimeifanya, na imewasomesha watoto wa watu. Lakini nawaambieni kwa uzito wote: kijana anayezoea kujitazama kwa macho ya anayempiga picha anaweza kukaa Mombasa miaka kumi asiione. Nimewajua wa namna hiyo. Wanajua jina la kila hoteli kutoka Bamburi hadi Mtwapa, na hawajui jirani yao wa ukuta mmoja anaitwa nani wala anafanya kazi gani. Mji umewaona. Wao hawajauona.

Kwa hiyo kila siku tengeni saa ambayo nyinyi ndio mnaoangalia. Vaeni shati na suruali kama kijana yeyote, muingie Mji wa Kale asubuhi kabla jua halijapanda. Piteni vichochoro, mtazame milango iliyochongwa. Nendeni Marikiti, mnuse iliki na karafuu na muulize bei hata kama hamnunui, maana muuzaji wa pale hachukii mgeni anayeuliza vizuri. Jioni mkiona wazee wamekaa barazani na muuza kahawa anapita na dele lake, toeni salamu, ombeni nafasi, mketi. Kahawa ni chungu na kikombe ni kidogo. Msikilize. Mimi nilijifunza mji pale zaidi ya mahali pengine popote.

Kuna mama mmoja aliyekaa mbele ya geti nililokuwa nalinda. Saa tisa usiku taa ya kwanza kuwaka mtaa mzima ilikuwa yake. Unga ameukanda tangu jioni kwa tui la nazi na iliki, ukaachwa ufure. Anausukuma, anaukata pembe tatu, anautia karaini kipande kimoja kimoja huku akiumwagia mafuta ya moto juu kwa upawa, hadi hamri linavimba na kugeuka rangi. Sufuria ya pili ina mbaazi za nazi. Saa kumi na moja wanawe wanatoka na ndoo zilizofunikwa kitambaa cheupe, wanazunguka mitaani. Saa mbili asubuhi kila kitu kimeisha, vyombo vimeoshwa. Saa saba mchana mama yule amejinyoosha mkekani. Mtu wa bara anapita, anamwona, anasema watu wa Pwani ni wavivu.

Neno hilo nimelisikia mara nyingi sana vinywani mwa watu wetu, na linaniudhi hadi leo. Mkilisema mkiwa kule mtakuwa mmemtukana mtu aliyeamka kabla yenu. Mvuvi hatazami saa ya ukutani, anatazama maji, na maji yakimwita saa nane usiku anakwenda. Kuli wa Kilindini amebeba mizigo ya Kenya na Uganda mgongoni kwa vizazi vitatu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa Pwani na wa bara pamoja, waligoma mji mzima ukasimama, na sauti yao iliyosikika zaidi ilikuwa ya Chege Kibachia, kijana aliyetoka Kiambu. Walisimama pamoja kwa sababu walikuwa wamelala na njaa pamoja.

Nimetaja maji anayoyatazama mvuvi. Hapa nisikilizeni, hasa wavulana. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili usiku na mchana, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ratiba ya jana haikusaidii leo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: yakijaa yanapanda juu sana, yakipwa yanakwenda mbali, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Baina ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Wakati wa bamvua kijana wetu huona mchanga mtupu hadi kwenye mwamba, akatembea, akaokota makombe, akafurahi. Akigeuka, mfereji alioupita umeshajaa nyuma yake. Na kuogelea hajui, kwa sababu hapa kwetu hakuna pa kujifunzia. Kabla ya kuingia, muulize mzee mvuvi kama maji yanajaa au yanatoka. Atakujibu, na hatakucheka. Mahali ambapo wenyeji hawaogi, usioge.

Kivuko cha Likoni mtakipanda wengi, maana waendao kwa miguu hawalipi, na kazi za Diani ziko ng'ambo. Mkifika msikimbie pamoja na umati, wala msiruke mlango ukishaanza kuinuka. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, hapo hapo jirani, ilizama karibu na ukingo, wakafa watu 272, wengi wakiwa wafanyakazi wa asubuhi. Wazee wa Likoni bado wanaitaja siku ile kwa sauti ya chini. Feri ya pili ikija baada ya dakika chache haijachelewesha maisha ya mtu.

Adabu ya kinywa ni jambo dogo lenye faida kubwa. Kiswahili chetu cha huku tumekijifunza sokoni na kwa askari, kina amri nyingi. Tunaingia dukani tunasema nipe maji, nipe mkate. Kule utasikika umegomba. Tangulia na salamu, mjue mwenzako ameamkaje, kisha sema naomba. Mwanamke mwenye umri wa mama yako mpe shikamoo, hata kama anauza mhogo wa kukaanga kando ya barabara. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa mitaani mchana, hata wewe usiyefunga. Jua likizama huenda mlango wa jirani ukafunguliwa ukaitwa ufuturu nao. Mkiletewa samaki, najua hatukulelewa na samaki, wengine wenu mtahisi tumbo linageuka. Msikunje uso. Semeni kwa upole kwamba hamjazoea, mle wali na mbaazi, mshukuru. Na siku moja mwonjeni.

Msiende pia mkiamini kwamba sisi na Pwani hatujuani. Joseph Thomson alipopita Laikipia mwaka 1883, njia hakuifungua yeye. Pamoja naye alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, aliyekuwa ameshaizoea nchi ya Wamaasai. Misafara ya namna ile ilipanda na waya, nguo na shanga za kioo zilizotengenezwa Venice na Bohemia, ikishuka na pembe. Bibi zetu walizipokea shanga zile wakazipanga kwa rangi na maana ambazo mtengenezaji hakuzijua. Hadi leo shanga nzuri zinatoka Jamhuri ya Cheki, nyingine Uchina. Binti wa Doldol anayekwenda na mikufu yake Bamburi anapita njia ya zamani kinyumenyume, na mteja akimuuliza rangi ile ina maana gani, awe na jibu la kweli aliloambiwa na nyanya yake, si la kubuni. Kule mtakuta watu wa makabila mengine wamevaa shuka na kujiita morani. Msigombane nao, wanatafuta chakula. Tofauti yenu na wao ni hayo mnayoyajua, na msipoyajua hakuna tofauti.

Na kuna jambo moja la Mombasa ambalo kila mtoto wa Laikipia anapaswa kulijua. Mkataba wa 1904 uliwaahidi Wamaasai kwamba Laikipia itakuwa yao. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa, wakaswagwa kusini na ng'ombe wao ili mashamba ya walowezi yapate nafasi. Legalishu, kiongozi wa Wamaasai wa upande huu, hakukubali. Kesi ikafunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wenzake, na mwaka 1913 ikaamuliwa Mombasa, katika Mahakama Kuu. Walishindwa. Mahakama ilisema mikataba ile ilikuwa kati ya taifa na taifa, kwa hiyo haina mamlaka ya kuihukumu. Watu waliohamishwa kwa amri ya serikali waliambiwa ni taifa geni siku ile walipodai haki yao. Mkitembea Nkrumah Road karibu na Fort Jesus mtaona jengo la mahakama ya zamani, lililojengwa mwaka 1902. Simameni pale kidogo. Ngome yenyewe, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, mtaioneshwa na kila mtu. Kesi ya Ole Njogo hakuna atakayewatajia, kwa hiyo nawatajia mimi.

Zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue mtapiga picha chini yake, kila mgeni hupiga. Ni za alumini. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, ambaye safari yake ilikatikia huku kwetu. Habari za kifo cha baba yake zilimkuta Sagana Lodge, karibu na Nyeri, akapanda ndege Nanyuki kurudi Uingereza akiwa malkia.

Turudi kwenye pesa. Wageni hujaa Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Masika yakiingia Aprili hoteli zinapunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni mcheza ngoma. Pesa ile huja kwa msimu kama mvua. Agosti 1997 machafuko ya Likoni yaliwaua watu na kuwafukuza wa bara wengi, wageni wakaacha kuja, na waliokuwa na jina kubwa ufukoni wakarudi nyumbani kwa nauli ya kuomba. Mwaka 2020 Korona ilifunga kila kitu ndani ya wiki chache tu. Basi pesa ya Desemba inunue mtamba kabla ya Aprili, au ilipe karo ya mdogo wako. Na mchana, wakati wenzako wamelala wakingoja ngoma ya usiku, muombe mkubwa wako akufundishe kazi ya mapokezi au ya jikoni. Hapa jirani Il Ng'wesi watu wetu wana nyumba ya wageni yao wenyewe tangu 1996, na mwenye ujuzi ana pa kurudi nao.

La wanawake wa Kizungu nitalisema wazi, maana mkilisikia kwa wenzenu tu mtalisikia nusu. Corinne Hofmann, Mswisi, alikutana na kijana Msamburu Mombasa miaka ya themanini, wakaenda kuishi Barsaloi, wakapata binti. Ndoa ikavunjika, mama akarudi Uswisi na mtoto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998, filamu ikafuata mwaka 2005, na Ulaya kilisomwa na mamilioni. Wako wanaoshuka kwenye ndege wakimtafuta kijana yule wa kitabuni, na wewe una jina lako na mama yako. Ndoa za kweli nimeziona, zenye heshima, zinazodumu, na sitamzuia mtu kupenda. Nimeona pia vijana walioahidiwa Ulaya msimu mmoja, na msimu uliofuata mwanamke yule yule akapita nao mchangani bila salamu. Ukimwi bado upo. Pimeni, tumieni kinga, na msiruhusu aibu iwazuie kuingia kliniki.

Mabinti, neno lenu ni moja na ni zito: kitambulisho chako kisikae mkononi mwa mtu mwingine hata siku moja. Wakala akisema atakutunzia, au mwajiri akisema atakirudisha mwisho wa mwezi, toka hapo na mzigo wako siku hiyo hiyo. Mshahara na siku ya mapumziko vitamkwe mbele ya shahidi kabla hujaanza kufagia. Na aliye bado shule, mvulana au msichana, amalize kwanza.

Wanaoondoka Desemba waje nyumbani kwangu Jumamosi, baada ya kunywesha mifugo. Nitawachorea kisiwa na njia zake, Likoni ilipo, Nyali ilipo, na nitawapa jina la mzee wa Mtwapa anayewapokea watu wetu na kuwatafutia chumba cha bei ya kweli. Kila mmoja aje na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa, na amwambie mama yake ni siku gani ya wiki atakuwa anampigia.